Mikro Ndogo Yenye Kukumbuka

Rwambuzi, Bunia, 2 Septemba

Yaya Immaculée,

Jambo kwako na kwa nyumba yote ya Epulu. Mguu wako unasema nini? Ile dawa ya kupaka niliyotuma kwa mkono wa Kavira ilifika, ao ilibaki kwenye gari pamoja na vitunguu vyake? Siye huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Masini yangu ya kushona inakohoa, na mimi nakohoa, tunasukumana hivyo hivyo.

Mwaka jana ulilalamika kwamba barua zangu ni fupi kama tangazo la msiba. Nimekusikia. Mvua hizi nitaandika kila siku yenye kitu, na siku isiyo na kitu nitaandika kwamba haina kitu. Zikiisha, Kavira atakuletea daftari zima, utasoma ukiwa umeweka mguu juu ya kiti.

Na kitu kipo. Nimepata kazi kwenye filme.

Usicheke, si kucheza. Unamkumbuka Elodie, binti ya marehemu mwalimu Lucien, aliyeondoka mdogo kwenda kusoma Kinshasa. Amerudi, sasa tunamwita Madame, anatengeneza filme juu ya mama mmoja aliyekimbia vita na kuanza maisha tena kwenye kartie, mtaa wa watu wengine. Anayecheza huyo mama alikimbia kweli: anaitwa Gracieuse, mtu wa upande wa Kpandroma, anakaa kwenye site ya wakimbizi. Nilidhani wananiitia nguo. Kumbe ni nguo na kazi nyingine. Kijana wao wa sauti, Fabrice, mtu wa Goma, anataka kuficha mikro ndani ya nguo za wamama, hapa kifuani, na hawezi kutia mkono wake kifuani mwa mke wa mtu. Akamwomba padri amwonyeshe mama mwenye mikono miepesi na mdomo mzito. Padri akanionyesha mimi. Kwa mikono sina shaka. Kwa mdomo, weye unanijua.

3 Septemba

Mvua tangu saa sita. Hakuna kitu.

5 Septemba

Tumeanza. Tunafanya kazi katika uwanja wa Papa Liévin, yule mfyatuaji wa matofali. Nyumba iko mbele, mabati mapya juu, na nyuma kabisa, kupita migomba, ndiko iko tanuru yake ya matofali, kubwa kama nyumba nyingine.

Asubuhi tulisali pamoja, namna inavyofaa. Madame Elodie akamwomba Gracieuse atuongoze. Gracieuse akasema koo linamuuma. Sawa. Lakini wakati wa kupumzika nikamwona anapita migomba peke yake, anajificha nyuma ya tanuru, na kupitia kwenye pengo nikaona ameinamisha kichwa. Kumbe kwa kusali peke yake koo haliumi. Ninakuambia weye tu: nimeona kiburi kidogo pale.

Mikro waliyoleta leo ni kubwa, inakaa kwenye mti mrefu, na imevalishwa manyoya kwa ajili ya upepo. Watoto wa kartie wameshaipa jina, paka ya Fabrice. Ikipita juu ya vichwa vya watu, kila mtu anakuwa sanamu. Papa Liévin, anayecheza mwenye nyumba, alisema maneno yake yote akiitazama juu, kana kwamba ni yule paka anayetaka kupanga chumba. Madame alimwambia amtazame Gracieuse. Akajibu kwa heshima: "Madame, iko nanisikiliza sana kupita huyu mama."

Saa nane mvua ikapiga mabati. Fabrice akavua kaske yake masikioni, akasema amebaki anasikia Mungu tu.

9 Septemba

Paka amepumzishwa. Fabrice anasema mvua ya Ituri haishindwi kwa kusogea mbali, lazima mikro ikaribie mdomo. Kwa hiyo ameleta nyingine. Kichwa chake ni kama punje ya haragi, waya wake unashuka chini ya nguo mpaka kwenye kisanduku kizito kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye mkia wa panya. Kisanduku kinarusha sauti hewani, Fabrice anaipokea kule alipokaa. Hakuna waya kati yao. Nimeshona mkanda wa elastiki wa kukifunga kiunoni.

Kisha akanivalisha kaske ili nielewe ninashonea nini. Yaya, nilimsikia Gracieuse akimeza mate upande wa pili wa uwanja. Nilisikia nguo yake ikipumua. Nikaona haya, kama nimeingia chumbani kwa mtu bila kupiga hodi.

Fabrice akamwambia atembee. Alipofika kwenye migomba, sauti ikaanza kukaangika kama mafuta. Alipopita nyuma ya tanuru, hakuna tena. Nikauliza kama ni sawa na telefone isiyo na reso, isiyoshika mtandao. Akasema, karibu hivyo, Mama.

Basi nilipomfungua Gracieuse jioni nilimweleza kwamba akivuka tanuru yuko huru, haisikii. Aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaniuliza tena. Nikajibu tena. Akaitazama ile tanuru namna mtu anavyotazama mlango wa nyumba yake.

12 Septemba

Vita ya kikwembe. Madame alimnunulia Gracieuse kikwembe kipya, kitenge cha kuvaa kwenye filme. Kipya kina ule ugumu wake wa dukani, na kila akipumua kinalia kwenye mikro kama mtu anakanyaga majani makavu. Fabrice akasema kioshwe na kioshwe tena mpaka kilainike. Gracieuse akakataa. Akasema tangu akimbie hajavaa kitu ambacho hakijavaliwa na mwingine, na hakioshi kabla jua halijakiona. Nikasema moyoni, si nilisema kiburi. Mwishoni nilishonea ndani, pale penye mikro, kipande cha shati langu la zamani. Hakilii tena, na bado ni kipya.

15 Septemba

Jumapili. Misa ndefu. Gracieuse alikaa nyuma, akatoka kabla ya matangazo.

20 Septemba

Kisanduku kilianguka katikati ya ngoma ya harusi ya filme, kikaning'inia kati ya miguu ya Gracieuse kwa waya wake. Kabla ya hapo, majirani wawili walikuwa wameshaniuliza kwa siri huyu mama ana mimba ya miezi mingapi na baba ni nani. Gracieuse aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua kama ana kicheko kikubwa namna hiyo.

27 Septemba

Hapa ungoje wageni watoke kwanza, usome hii peke yako.

Jasho na mvua vimeua kisanduku kimoja. Fabrice akanipa karatasi niende farumasi kununua kitu cha kukivalisha. Nilisoma njiani. Ni vile vya kuvaa wanaume, Yaya. Anasema dunia yote watu wa sauti hufanya hivyo, hakuna kingine chembamba ambacho maji hayapiti. Nilitaka kurudi, lakini Madame alikuwa amesimamisha kazi yote ananingoja.

Anayeuza pale ni Willy, yule wa besi kwenye kwaya yetu. Nilingoja watu watoke. Hawakutoka. Nikasema polepole. Yeye akauliza kwa besi ile ile ya Gloria: "Mama Geneviève, unataka yenye mafuta ao isiyo na mafuta?"

Nikasema isiyo na mafuta, ni ya mikro.

Willy akaninyooshea boksi, uso mkavu kabisa. "Kila mutu na jina anaipatia," akasema.

Kesho Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya sitatazama upande wa mabesi hata mara moja.

28 Septemba hadi 4 Oktoba

Mvua. Nimeshona sare za shule za watu.

6 Oktoba

Mikro mpya zimefika kutoka Kampala. Hukuwahi kuona kitu kama hiki. Kichwa ni punje ya mchele. Kisanduku ni kama kiberiti, hakina mkia, unakishika kiganjani na mkono unaona uko mtupu. Fabrice anasema mwalimu aliyemfundisha alibeba masini yake ya sauti katika sanduku la safari, na waya uliofika mpaka mlangoni, na kila miaka michache vitu vinapungua, vinapungua. Alimweleza Madame mengine kwa Kifaransa, nikasikia neno karte, neno memware. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni, natafuta pa kuficha.

Na pa kuficha sasa ni popote. Katika fundo la kitambaa cha kichwa. Chini ya kifungo. Ndani ya nywele zilizosukwa, karibu na paji la uso. Papa Liévin nilimtia kwenye kola, baada ya muda akasahau, akaanza kugombana na Gracieuse juu ya kodi ya chumba vizuri hata nikataka kuwaamulia. Jioni Gracieuse alifika barabarani na mikro yake, nikamkimbilia. Alijishika kichwa. Alikuwa amesahau.

Nilimsifu Mungu anayewapa watu akili hizi. (Hivyo ndivyo nilivyoandika siku hiyo, na hata sasa siyafuti.)

11 Oktoba

Gracieuse alinisaidia kuchambua majani ya sombe wakati wa kungoja mvua. Amenieleza juu ya shamba lao la viazi, baridi ya kule juu, ukungu wa asubuhi. Nilimuuliza habari ya watoto. Akasema ana wawili kwenye site, na kitinda mimba walimlilia. Nikamwambia pole. Akavuta shina jingine. Anachambua vizuri, haachi mti hata mmoja.

18 Oktoba

Dhoruba. Tulipiga seni, kile kipande cha mama anasimulia safari yake, mvua juu ya mabati kama mawe, na Fabrice akainua dole gumba: kila neno linasikika. Watu walipiga makofi. Kisha mvua ikapungua, Madame akatoa mapumziko marefu. Gracieuse akanitazama, nikamwonyesha kwa kichwa tu upande wa tanuru, maana yake nenda. Akaenda.

19 Oktoba

Yaya, leo ni siku ya kurasa nyingi.

Baada ya misa ya asubuhi Fabrice alikuja mwenyewe mlangoni pangu. Sikuzoea kumwona bila kaske shingoni. Akaniomba nimfuate kwenye nyumba walikopanga. Madame alikuwa amekaa mbele ya ordinatere, kompyuta yao, macho mekundu. Wakanivalisha kaske.

Nilisikia hatua kwenye majani. Nilisikia mtu anapumua, anapiga magoti, matope yanalia. Kisha sauti ya Gracieuse, si ile ya filme, nyingine, ya chini.

Alikuwa anasali nyuma ya tanuru.

Nikamuuliza Fabrice imewezekana namna gani, pale hakuna reso. Akasema zile mpya hazirushi sauti tu. Zina karte ndani, ndogo kama ukucha, zinajiandikia zenyewe, hata ukienda nazo mpaka Mahagi. Ni ili kazi isipotee hewa ikikatika. Alidhani ninajua. Alisema alieleza siku zilipofika, na kweli alieleza, kwa Kifaransa, na mimi nilikuwa na sindano mdomoni.

Sasa nikueleze alichosali, kwa kadiri inavyoweza kuandikwa. Alimshukuru Mungu kwa siku na kwa kazi. Kisha akataja jina la yule kitinda mimba. Hakumwombea kama marehemu. Aliomba asiugue kifua wakati huu wa mvua, aheshimu waliomchukua, asisahau lugha ya nyumbani. Na waliomchukua akawataja: baba kwa jina lake, mama kwa jina lake, mahali walipohamia na ng'ombe wao. Ni watu wa upande ule mwingine wa vita. Siku ya kukimbia walimtoa mtoto kwenye majani, wakamvalisha nguo ya mtoto wao, wakamwita wao. Aliwaombea namna mtu anavyoombea ndugu wa tumbo moja, mgongo wa baba, mimba ya mama. Na mwisho akasema, haya nayaandika kwa kuwa hayana jina: "Baba Mungu, ufunge macho ya majirani yabo. Ufunge na masikio."

Nilivua kaske. Weye ni mtu wa Ituri, huhitaji nikufafanulie. Waliomficha mtoto wa upande mwingine, wakijulikana, watalipishwa na pande zote mbili. Kwenye site walimlilia yule mtoto kwa matanga, na yeye mama alikaa katikati yao akalia nao, ili asiwepo mtu wa kumtafuta. Ndiyo maana hakuweza kutuongoza sala. Sala yake hakuna mahali pa kuisemea. Na ule mlango wa tanuru ni mimi nilimfungulia.

Nikamuuliza Madame tunafuta saa ngapi.

Madame hakusema tunafuta. Alisema tangu aanze kazi hii hajasikia kitu cha kweli namna hiyo. Alitaka kukiweka mwisho wa filme, milima tu kwenye picha, na ile sauti juu yake.

"Mama Geneviève, uso yake haitaonekana," akasema. "Na majina tutayafunika na mvua. Fabrice anaweza."

Fabrice alitazama chini. Alisema anaweza.

Nilimwambia Madame kwamba sauti ya Gracieuse iko kwenye filme yote, na filme wataionyesha hapa hapa Bunia, katika sale ya paroisi, ukumbi wa kanisa letu. Wale waliolia naye matanga wataisikia ikimwombea mtoto mzima. Hata bila jina wataulizana yuko wapi. Kuulizana tu kunatosha. Akanijibu kwamba Gracieuse alitia saini karatasi, na kwamba dunia haijui kilio cha wamama wa hapa kwa sababu siye wenyewe tunakifunika kila siku. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Lakini niliona kwamba ameondoka hapa mdogo sana.

Nilimwomba jambo moja, asifanye kitu kabla Gracieuse hajajua. Akakubali.

20 Oktoba

Nimekwenda kwenye site. Nilimkuta anachambua maharagi mbele ya hema lao, wanawake wengine wako karibu, ikabidi ningoje mpaka waende bombani.

Nilimwambia yote bila kuzunguka. Mikono yake haikusimama.

"Uliniambia nyuma ya tanuru haisikie," akasema.

"Nilikuambia."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

Akatoa jiwe kwenye maharagi, akalitupa. Akauliza nani wamesikia. Nikasema sisi watatu. Akauliza kama Fabrice anajua ile milima. Nikasema hapana, ni mtu wa Goma. Na Madame? Nikasema Madame anajua majina ya milima lakini hajui watu. Kisha akaniambia niende kabla mvua haijafika. Hakunipa mkono.

21 Oktoba

Gracieuse hakuja kazini.

24 Oktoba

Hakuja. Mvua.

28 Oktoba

Hakuja. Papa Liévin aliuliza kama mpangaji wake amehama bila kulipa. Hakuna aliyecheka. Madame amekonda. Ameniuliza habari za watu wa vile vijiji, nani aliishi na nani, nani alimficha nani. Nilimweleza yanayoelezeka. Alisikiliza bila kuandika. Baba yake alikuwa hivyo, kama uliweza kumnyamazisha.

2 Novemba

Misa ya marehemu. Walisoma majina ya wafu yaliyoandikwa na familia. Kati ya yale ya site, jina la yule mtoto lilisomwa. Nilikuwa kwenye kwaya, nikamwona Gracieuse kule nyuma akijibu pamoja na wote, uso umetulia. Mimi nilikosa noti. Tangu mwaka gani anafanya hivi? Na mimi nilihesabu ni kiburi kwa sababu hakuongoza sala ya asubuhi.

Nimesali rozari nzima kwa ajili yake, kimya kabisa, bila kusogeza midomo.

5 Novemba

Nilikuwa nanyoosha sare kwa pasi ya makaa, Gracieuse akasimama mlangoni, amevaa kile kikwembe chake. Akasema niwaite wale wawili waje hapa kwangu, pamoja na masini yao, na kila mahali wameweka sauti yake. Nilimtuma jirani. Walikuja mbio mbio, viatu vyote matope.

Gracieuse alitaka kusikia kwanza. Fabrice akampa kaske, na kwa mara ya kwanza nilimwona anampa mtu kitu kwa mikono miwili. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alipovua alisema sauti yake imezeeka.

Madame akapiga magoti mbele ya kiti chake, pale kwenye udongo wangu, akaanza kumweleza: milima, mvua juu ya majina, na jinsi watu watakavyolia hata kule mbali. Alieleza vizuri. Nikafikiri, sasa atamshinda. Gracieuse alimwacha amalize.

"Madame," akasema, "ile yenye manyoya ingekuwa pale, ningefunga kinywa. Ile kidogo haikunipigia hodi. Mimi sikukuwa nasema na weye."

Basi.

Nje watoto walikuwa wanapita kutoka masomoni. Madame alijipangusa udongo magotini. Kisha akamgeukia Fabrice, akamwambia kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa: "Mupatie ordinatere. Yeye mwenyewe afute."

Fabrice alimwonyesha kitufe. Gracieuse akabonyeza kwa kidole kile kile cha kutoa mawe kwenye maharagi. Fabrice akatoa kopi ya pili, akabonyeza tena. Ikabaki karte, ile kama ukucha. Fabrice alisema wakifuta tu, fundi mjuzi anaweza kuirudisha. Gracieuse akanitazama mimi. Nikafungua mdomo wa pasi, akaitia kwenye makaa. Ilinuka plastiki mbaya sana, nikaendelea kunyoosha kola ili nisikae bure.

Wale wawili walipoondoka alibaki. Alisema: "Sasa inabaki mu kichwa yako, Mama Geneviève."

Nikamwambia itakufa pamoja na mimi.

Akakaa, akavuta kikwembe juu ya magoti. "Hapana. Isikufe bure. Ulisema uko na yaya kule njia ya pori."

Hapo nilikupandisha mpaka juu, Yaya, kwa kukusifu. Nilisema huyu naye anajua kila gari linalopita, anajua kunyamaza, hafanani na mdogo wake.

8 Novemba

Gracieuse amerudi kazini kwa sharti lake. Mtu yeyote mwenye mikro inayosikia, nimfunge uzi mwekundu mkononi, uonekane na wote, na mikro ikivuliwa niukate uzi mbele yake. Nimechukua ule wa kushonea vitambaa vya altare. Madame aliogopa utaonekana kwenye picha. Kisha akasema uonekane tu, wachezaji wote wavae, watu wa mbali watadhani ni desturi ya hapa.

Papa Liévin sasa anadai uzi wake hata siku ambayo hana neno la kusema.

14 Novemba

Mvua. Siku nzima hatukufanya kitu, tulikula mahindi.

23 Novemba

Seni ya mwisho. Mama wa filme anasimama kwenye mlango wa chumba chake kipya na kusali. Madame aliiandika hapo mwanzo, na alitaka kuifuta baada ya yote yale. Gracieuse akasema iwepo, maneno atayaleta yeye. Nilimfunga uzi, mafundo mawili. Alisali sala fupi: aliwashukuru wote waliomfungulia mtu mlango bila kumuuliza jina. Ni hivyo tu. Fabrice hakuinua dole gumba, alibaki amefunga macho. Nikakata uzi. Gracieuse akauokota, akautia kwenye pindo la kikwembe.

Kikwembe ameshakiosha sasa. Anasema jua limeshakiona.

1 Desemba

Mvua zimepungua. Vumbi limeanza kwenye barabara ya soko. Fabrice amerudi Goma, ameniachia boksi lililobaki la farumasi kama ukumbusho. Nimelificha chini ya vitabu vya kwaya, nikifa ghafla uje ulitoe weye kabla ya wengine.

8 Desemba

Leo ni sikukuu ya jina lako, nimekuombea kwenye misa. Kavira anaondoka kesho na maharagi yake, kwa hiyo nafunga daftari.

Kurasa hizi zote nimemsomea Gracieuse, tumekaa ndani, mlango umefungwa. Maneno mawili amenikataza, nimeyakata kwa makasi, ndiyo maana utaona matundu. Mengine amesema yabaki, kwa kuwa mwenye kutafuta hapati hapa jina wala mahali. Jina na mahali Gracieuse mwenyewe amempa Kavira, naye atakuambia kwa mdomo, mkiwa peke yenu, na atakuambia mara moja tu.

Usiwaendee wale watu. Usiulize mtu. Utazame tu, namna unavyotazama wapita njia ukiwa umekaa kwenye meza yako ya soko. Mtoto sasa ana miaka kumi hivi, ana alama ambayo Kavira atakuonyesha iko wapi. Kisha utume ujumbe kwa dereva yeyote, hata wausome njiani. Ukiniandikia kwamba mguu umepona, nitaelewa kwamba umemwona mzima, nitajua nani wa kumpelekea. Ukiandika kwamba mguu bado, nitaelewa pia. Habari ya mguu wenyewe umwambie Kavira.

Gracieuse anapita mlangoni pangu kila asubuhi akienda kuteka maji. Ananitazama usoni, kisha anaendelea.

Yaya, nakuomba unijibu mapema.

Mdogo wako,
Geneviève